Ahadi za Watawala: Tathmini ya Twilight Imperium, Toleo la Nne

Wengi waliosikia habari za Twilight Imperium huujua mchezo huu kwa sifa mbili tu: sanduku lake ni zito, na mchezo mmoja unaweza kumaliza siku nzima. Sifa zote mbili ni za kweli, lakini hazielezi kwa nini mchezo wa mezani uliobuniwa na Christian T. Petersen, na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani, umedumu hadi kufikia toleo la nne lililotoka mwaka 2017. Tathmini hii inauangalia kwa upande ambao, kwa maoni yangu, ndio uliouweka hai muda wote huo, yaani uwezo wake wa kuwafanya watu watatu hadi sita walioketi kuzunguka meza moja waanze kusema, kufikiri na kujibizana kama watawala wa himaya zinazogombea galaksi. Ninaandika nikiwa mtu anayependa uigizaji wa pamoja kuliko hesabu za vita, na hukumu zangu zote zinatoka huko.

Hadithi inayoubeba mchezo ni fupi na inatosha. Zamani galaksi ilitawaliwa na Lazax kutoka sayari ya Mecatol Rex; himaya yao ikaanguka, kiti cha enzi kikabaki kitupu, na sasa mataifa yaliyokuwa chini yao yanajiinua upya, kila moja likiamini kwamba ndilo linalostahili kurithi. Katikati ya meza huwekwa kigae cha Mecatol Rex, kisha wachezaji hukizungushia vigae vingine vya pembe sita, kimoja baada ya kingine, mpaka galaksi ikamilike. Kwa watu sita ramani hiyo huwa na vigae 37. Upangaji huu ni siasa tangu hatua ya kwanza, kwa kuwa anayeweka nyota iliyolipuka, isiyopitika, mbele ya mlango wa jirani yake amekwisha kutoa tamko kuhusu uhusiano wao kabla hata manowari moja haijasogea, na jirani huyo hatasahau.

Ubora mkubwa wa kwanza uko katika mataifa yenyewe. Sanduku la msingi lina mataifa 17, na tabia ya kila taifa haikuachwa katika masimulizi yaliyochapwa nyuma ya karatasi yake. Imeingizwa ndani ya kanuni, kiasi kwamba mtawala akifuata masilahi yake tu, bila kujilazimisha kuigiza, atajikuta anasema maneno yanayolifaa taifa lake. Hacan, wafanyabiashara wenye sura ya simba, wanaweza kufanya muamala na mtu yeyote mezani hata kama hawapakani naye, ilhali wengine wote wamefungwa na sharti la ujirani. Tena hujaza bidhaa, yaani vipande vya biashara ambavyo huwa na thamani vikipewa mwingine, sita kwa mara moja, kiwango ambacho hakuna taifa jingine katika sanduku la msingi linalokifikia. Matokeo yake ni kwamba anayewatawala Hacan hugeuka mwenyeji wa kila mtu: ndiye anayeulizwa habari za pande mbili zilizonuniana, ndiye anayeombwa mkopo, na ndiye anayelindwa na maadui wawili kwa wakati mmoja kwa sababu kila mmoja wao anamhitaji.

Mentak wanafundisha jambo hilohilo kwa njia kali zaidi. Hawa ni maharamia, na kanuni yao inasema kwamba jirani mwenye akiba ya mali (vipande vinavyotumika kama fedha) tatu au zaidi, anapopata mali nyingine au anapokamilisha muamala, anaweza kunyang'anywa kipande kimoja. Hakuna mahali ambapo mchezaji wa Mentak anaelekezwa namna ya kuzungumza, lakini baada ya muda mfupi utamsikia akiuza usalama: anakumbusha njia za biashara zilivyo hatari, anasikitika kwa niaba ya waliokwisha kuibiwa, kisha anataja bei. Wabunifu waliliona hilo mapema, wakaliwekea taifa hili hati maalumu ya ahadi ambayo anayeishika haporwi tena. Xxcha, wenye umbo la kobe, wana haki ya kuiondoa hoja iliyofunuliwa barazani, yaani katika kikao ambamo watawala hupigia kura mambo ya galaksi, na kuifunua nyingine mahali pake, kwa gharama ya kipande kimoja cha amri, kile ambacho mtawala hukitumia kuendesha shughuli zake. Kwa hiyo mtawala wao huombwa, hubembelezwa na hutishwa kabla ya kila kura, na polepole huanza kusema kwa utulivu wa mzee anayejua kwamba wote wanasubiri neno lake. Nekro nao hawapigi kura kamwe. Wao hutabiri hadharani matokeo ya hoja, na utabiri ukitimia wanajipatia teknolojia iliyo mikononi mwa mmoja wa waliopiga kura kama walivyotabiri. Kuketi barazani pamoja na kiumbe asiye na kura, ambaye kila neno lake la kukuunga mkono linaweza kukugharimu siri zako, ni jambo linalobadilisha hali ya hewa ya meza nzima.

Si mataifa yote yanayolingana katika hili. Sardakk N'orr hupata nyongeza ya moja katika kila tupo la dadu vitani, na kwa kuwa uwezo huo haumgusi mtu mwingine nje ya uwanja wa mapigano, mtawala wao huachwa na vitisho vingi na mambo machache ya kujadili. Arborec, viumbe vya mimea, wana kanuni za pekee za kuzalisha askari ambazo ni nzuri kwa mpenda mafumbo, lakini humfanya mchezaji ainamie karatasi yake wakati wenzake wanazungumza. Jol-Nar ni mfano mzuri wa kinyume chake: ni wasomi wanaoanza na teknolojia nne, ila hupunguziwa moja katika kila tupo la vita, na udhaifu huo huwasukuma kutafuta walinzi, kuwalipa kwa maarifa, na kuishi kwa hofu ya siku ambayo mlinzi atagundua kwamba nyumba anayoilinda ndiyo yenye hazina.

Ahadi ni deni, walisema wahenga, na kitabu cha kanuni kinaligawa deni hilo katika sehemu mbili kwa namna ambayo naiona kuwa ndiyo moyo wa mchezo mzima. Makubaliano yanayoweza kutekelezwa palepale yana nguvu ya sheria, na hakuna anayeweza kuyakwepa. Makubaliano yanayongoja wakati ujao hayana nguvu yoyote zaidi ya neno la aliyeyatoa. Ukinipa mali mbili nami nikakupa bidhaa zangu papo hapo, kanuni inatulazimisha sote. Ukinipa mali mbili ili nisikuguse raundi ijayo, umenunua neno langu tu, na thamani ya neno hilo itapimwa na kila mtu aliyelisikia. Mstari huu mmoja ndio unaozalisha diplomasia yote. Kwa kuwa hakuna chombo cha kuzilinda ahadi za kesho, watawala hulazimika kujenga sifa, kuomba dhamana, kuweka mashahidi, kugawanya malipo katika mafungu, na kukumbushana yaliyotendeka saa nne zilizopita.

Katikati ya sheria na neno zimewekwa hati za ahadi. Kila mtawala huanza na hati chache zenye rangi yake, na zinakuwa na maana pale tu zinapokuwa mikononi mwa mwingine. Hati ya kusitisha mapigano humzuia aliyeitoa asiingize vyombo vyake katika mfumo mmoja wa nyota, yaani kigae cha ramani, wenye vyombo vya aliyeishika. Hati ya mkataba wa biashara humpa aliyeishika bidhaa zote za mwenzake mara anapozijaza. Hati ya siri ya kisiasa humfunga mdomo aliyeitoa katika hoja moja, hata kura asipige. Iliyo nzito kuliko zote ni hati ya kuunga mkono kiti cha enzi, ambayo humpa aliyeishika pointi moja ya ushindi kwa muda wote ambao hajaelekeza amri yake kwenye mfumo wenye vyombo vya aliyempa. Nimewahi kumwona mtawala wa Xxcha akimkabidhi jirani mkali hati yake ya kusitisha mapigano bila kudai malipo, kisha akamuuliza mbele ya wote kwa nini na yeye hatoi ya kwake. Jirani alikaa kimya, na wale wengine wanne waliuelewa ukimya huo kikamilifu. Kabla raundi haijaisha kila mmoja alikuwa amepeleka manowari mpakani mwake. Hakuna kanuni iliyotumika pale, wala dadu haikutupwa.

Muundo wa raundi unasaidia uigizaji kuliko unavyoonekana kwa mtu anayeusoma kwa mara ya kwanza. Kila raundi huanza kwa watawala kuchagua kadi za mkakati, ambazo ni nane: Uongozi, Diplomasia, Siasa, Ujenzi, Biashara, Vita, Teknolojia na Himaya. Anayeichukua kadi hutumia uwezo wake mkubwa, na wengine hupata nafasi ya kutumia uwezo mdogo kwa kulipa. Kadi ya Biashara ina jambo moja dogo linalostahili kusifiwa: mwenye nayo huchagua ni nani wajaziwe bidhaa bila gharama na ni nani waachwe walipe wenyewe. Kwa sentensi moja, anatangaza mbele ya galaksi marafiki zake ni akina nani. Kadi ya Siasa humpa mwenye nayo uwezo wa kuamua nani awe Spika wa baraza na kuzitazama hoja mbili zitakazokuja, akaziacha juu au akazizamisha chini ya rundo. Hivyo kwa raundi nzima huwapo mtu mmoja anayejua baraza litajadili nini, na wengine watano wanaotaka kumsikiliza.

Baraza lenyewe halianzi mara moja. Mecatol Rex hulindwa mwanzoni, na mtawala wa kwanza anayetaka kutua huko na majeshi yake hulipa ushawishi sita ili walinzi waondoke. Kwa kufanya hivyo hupata pointi moja, na kuanzia hapo kila raundi huishia kwa kikao cha baraza chenye hoja mbili. Winnu pekee, waliokuwa watunzaji wa mji mkuu huo wa kale, huingia bila kulipa. Ninaupenda mpango huu kwa sababu unaipa hadithi mwanzo wa kweli: kuna kipindi cha mataifa yaliyojitenga, kila moja likihangaika na sayari zake, halafu mmoja anafungua milango na siasa za galaksi zinaanza, na mtu huyo hukumbukwa kwa tendo lile hadi mwisho wa mchezo.

Kila sayari ina thamani mbili, rasilimali za kujengea na ushawishi wa kupigia kura au kununulia amri, na katika shughuli za kawaida ukiitumia kwa moja umeikosa kwa nyingine. Barazani, hata hivyo, sayari zote huwa zimekwisha kupumzishwa, yaani ziko tayari kutumika upya, kabla ya kikao na hupumzishwa tena kikiisha, kwa hiyo kura hazimwibii mtu uchumi wake wa raundi inayofuata. Uamuzi huu wa wabunifu ni wa busara sana. Mtawala maskini mwenye sayari mbili zenye ushawishi mkubwa anaweza kuwa mtu muhimu kuliko mwenye manowari nyingi, na hana sababu ya kuzificha kura zake. Swali pekee ni azigawe vipi kati ya hoja ya kwanza na ile ya pili ambayo bado haijafunuliwa. Spika hupiga kura mwisho na ndiye anayeamua kura zinapolingana, jambo linalomfanya atafutwe kwa zawadi. Zaidi ya hayo, hoja inapojadiliwa sharti la ujirani huondolewa, na kila mtawala anaweza kufanya muamala na yeyote, kwa hiyo mataifa yaliyo pembe mbili za galaksi ambayo hayajawahi kugusana hukutana kwa mara ya kwanza yakiwa yanauziana kura.

Hoja zenyewe zimetungwa kwa akili ya kuchochea maneno. Ipo moja ambayo ikipita humpa pointi mtawala aliye mbele, na ikikataliwa humpa aliye nyuma kabisa. Walio katikati, ambao hawapati chochote kwa upande wowote, ndio wanaokuwa waamuzi, na huo ndio wakati ambapo mtawala aliyekuwa akionekana dhaifu husimama na kueleza kwa nini galaksi ingepata amani kama angeinuliwa kidogo. Ipo nyingine inayowapa pointi wote walioiunga mkono ikiwa itapita, na kuwanyang'anya pointi hao hao ikiwa itashindwa, na hapo ndipo utakapojua ni nani aliyesema kweli alipoahidi kura yake. Sheria zinazopitishwa hubaki mezani na kumbana kila mtu, zikaonekana kama historia ya himaya iliyoandikwa na walewale wanaoumizwa nayo.

Kuhusu vita nitasema machache. Sanduku lina zaidi ya vipande 350 vya plastiki, kuanzia ndege ndogo za kivita hadi Jua la Vita, chombo kinachogharimu rasilimali 12 na kutupa dadu tatu zinazopiga kwa tatu au zaidi kwenye dadu yenye pande kumi. Taifa la Muaat huanza mchezo likiwa nalo tayari, na hilo pekee huamua namna majirani wanavyolisalimu. Mapigano ni rahisi kuyafuata na bahati ina nafasi yake. Lakini vita vikubwa huwadhoofisha wote wawili na kumnufaisha wa tatu, na wachezaji wenye uzoefu wanalijua hilo, kwa hiyo manowari hufanya kazi kubwa zaidi zikiwa zimesimama mpakani kuliko zikiwa zimeingia. Anayelinunua sanduku hili kwa ajili ya mapigano tu atasubiri kwa saa nyingi apate kidogo.

Sasa kasoro, ambazo si ndogo. Iliyo kubwa kuliko zote kwa mpenda uigizaji ni kwamba ushindi katika mchezo huu hupatikana kwa mbio za pointi. Anayefika kumi wa kwanza anashinda hapohapo, na pointi hizo hutoka hasa katika malengo ya wazi, ambayo ya awali hulipa pointi moja na ya baadaye mbili, pamoja na malengo ya siri yasiyozidi matatu kwa kila mtawala. Baadhi ya malengo yana sura ya utawala, kama vile kushika sayari zilizo nje ya nyumbani au kuendeleza teknolojia. Mengine yanamtaka mtu atumie tu kiasi fulani cha rasilimali au cha ushawishi, na mtawala aliyekuwa akizungumza habari za heshima ya mababu hugeuka ghafla mhasibu anayekusanya akiba ili aitumie bila kununua chochote. Katika raundi mbili za mwisho hali hii huzidi. Watu huacha sauti za watawala wao, huanza kuhesabu kwa sauti nani ataandikisha nini kwanza, na ahadi zilizojengwa kwa siku nzima huvunjwa kwa sababu hakutakuwa na kesho ya kuzilipia kisasi. Hili linaumiza, hasa kwa kikundi kilichokuwa kimefikia mazungumzo mazuri, na sijaona kanuni yoyote ndani ya sanduku inayolitibu.

Inayofuata ni hali ya mtawala aliyebaki nyuma. Asiyemiliki sayari zote za mfumo wa nyumbani kwake hawezi kuandikisha malengo ya wazi, kwa hiyo anayevamiwa nyumbani mapema huweza kukaa mezani saa tatu zaidi akijua kwamba hatashinda. Kwa kanuni tupu hali hiyo ni adhabu. Kwa uigizaji inaweza kuwa nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu mtawala asiye na cha kupoteza anaweza kuamua nani atawale galaksi, lakini hapo tena huzuka ugomvi wa kweli baina ya watu, kwani aliyenyimwa ushindi na mtu asiyeweza kushinda huona ameonewa. Mazoea ya watawala wawili kubadilishana hati za kuunga mkono kiti cha enzi, kila mmoja akajipatia pointi moja ya bure, nayo hupunguza ladha: majirani wawili huwa wamefungiana mlango wa vita kwa mchezo wote, na mpaka wao hauna tena la kusimulia.

Urefu lazima utajwe. Sanduku linasema saa nne hadi nane, na kwa watu sita wenye mazungumzo mengi ni busara kutazamia saa nane badala ya nne. Kujifunza pia kunachukua muda. Toleo la nne lilikitenganisha kitabu cha kujifunzia na kitabu cha marejeo ya kanuni, na jambo hilo limesaidia sana, lakini bado mchezaji mgeni atatumia raundi ya kwanza yote akiuliza kipande cha amri kiwekwe wapi, na mtu anayeuliza hivyo hawezi kuwa mfalme. Ndiyo maana sishauri kuhukumu uigizaji wa kikundi kwa mchezo wao wa kwanza.

Kwa wanaotaka kuutumia kama mimi, makubaliano machache kabla ya kuanza hubadilisha kila kitu. La kwanza na la lazima ni kutenganisha mtu na mtawala: kila mmoja aitwe kwa cheo cha taifa lake wakati wa mazungumzo, na usaliti unaofanywa na mtawala ubaki kuwa wake. Hili huonekana jambo la kitoto hadi pale ahadi ya kwanza inapovunjwa, na hapo huwa ndilo linalookoa urafiki. Ninapendekeza pia kila mtawala atoe tamko fupi anapochagua kadi ya mkakati na anapopiga kura, hata kama ni sentensi moja, kwa kuwa uigizaji hujengwa na mambo madogo yanayorudiwa kuliko hotuba ndefu moja. Mazungumzo ya faragha nje ya meza yaruhusiwe, ila yawekewe kikomo cha dakika chache, la sivyo wanaobaki mezani watachoka. Na kwa zile raundi mbili za mwisho nilizozilalamikia, nimeona kwamba kikundi kikikubaliana mapema kusimulia mwishoni, taifa kwa taifa, yaliyoipata galaksi baada ya mshindi kutawazwa, watawala wengi huanza kujali watakavyosimuliwa na huvunja ahadi kwa uangalifu zaidi.

Inafaa kuulinganisha mchezo huu na jamaa zake wawili. Diplomacy, uliobuniwa na Allan B. Calhamer na kutolewa mwaka 1959, hauna dadu kabisa na umejengwa juu ya ahadi zisizolindwa na chochote; ni mkali na safi kuliko huu, lakini madola yake saba ya Ulaya yanatofautiana hasa kwa mahali yalipo kwenye ramani, hayana tabia wala baraza, na mtawala wake hana cha kuzungumza zaidi ya nani ashambuliwe. Stellaris, mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Paradox uliotoka mwaka 2016, unamruhusu mtu aiunde himaya yake mwenyewe, itikadi na umbo la viumbe wake, kwa undani ambao hakuna sanduku la kadi litakaloufikia. Hata hivyo sehemu kubwa ya watawala unaokutana nao humo huendeshwa na kompyuta, na kompyuta haioni aibu. Twilight Imperium umesimama mahali ambapo taifa lina sura yake na mpinzani ana macho ya kukutazama unapomdanganya.

Nyongeza ya Prophecy of Kings, iliyotoka mwaka 2020, inaongeza mataifa saba na kuruhusu wachezaji hadi wanane. Idadi hiyo ya watu siipendekezi kwa uigizaji, kwa sababu kusubiri zamu hurefuka na mazungumzo hugawanyika katika vikundi visivyosikilizana. Sita wanatosha, na watano ni wazuri pia. Kilicho cha thamani humo ni viongozi wa aina tatu waliopewa kila taifa, wenye majina, nyuso na uwezo wao, ambao humpa mtawala watu wa kuwatuma, kuwasifu na kuwakopesha kwa jirani. Ni nyongeza inayostahili kununuliwa, lakini baada ya kikundi kulizoea sanduku la msingi. Kwa mchezo wa kwanza, wape wageni Hacan, Xxcha, Jol-Nar, au shirikisho la wanadamu la Sol, uwafiche Nekro, Arborec na Creuss hadi siku nyingine, na mtu mmoja aliyesoma kanuni zote akubali kuwatawala Winnu, ili awepo mezani mtawala anayeweza kufungua milango ya Mecatol Rex mapema na baraza likakutana wakati watu bado wana nguvu za kubishana.